Msitu una zamu: wawindaji, wenye pikipiki na sisi tunaokwenda kutembea



Likizo ya vuli imekaribia. Tangu kalenda mpya ya masomo ilipoanza mwaka 2022, shule za Kifaransa zinafunga wiki mbili mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Shule za Kiholanzi zinafunga wiki moja. Huu ndio wakati familia nyingi za Laeken hupanda treni au basi la kanisa kwenda Ardennes kuona majani yanavyobadilika rangi. Na ndio wakati huohuo wawindaji wa Wallonia wanapoingia msituni kwa wingi.

Maswali tuliyoletewa ofisini msimu huu yamefanana. Mama mmoja alipiga picha ya karatasi nyekundu iliyobandikwa mtini, akataka kujua imeandikwa nini. Baba mmoja aliuliza kama ni salama kumruhusu mtoto aende Ardennes na darasa lake, maana amesikia huko kuna watu wenye bunduki. Kijana mmoja ameuziwa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, na rafiki zake wanamwambia kwamba msituni hakuna polisi.

Maswali yote matatu yana mzizi mmoja. Msitu wa Ubelgiji unatumiwa na watu wengi ambao hawataki kitu kimoja, na sheria imewagawia mahali na wakati. Asiyeujua mgawanyo huo ndiye anayeumia, au ndiye anayelipa.

Msitu ni wa nani?

Sisi tuliotoka Kivu, Burundi au Kigoma tumezoea misitu ya namna mbili. Kuna msitu wa kijiji: unakata kuni, unaokota uyoga, wengine wanatega, na wazee ndio wanaojua mipaka. Na kuna hifadhi kama Virunga: askari wanalinda, na ukiingia bila ruhusa unajitia hatarini. Aliyepita kambi ya Nyarugusu anakumbuka pia jinsi safari ya kutafuta kuni ilivyoweza kuleta ugomvi na wenyeji.

Hapa ni namna ya tatu. Karibu theluthi moja ya ardhi ya Wallonia ni msitu. Karibu nusu ya msitu huo ni mali ya watu binafsi, na nusu nyingine ni mali ya umma, yaani ya Mkoa, ya komini na ya taasisi nyingine za umma. Sehemu fulani ni za Donation Royale, mali ambazo mfalme Leopold II aliikabidhi dola mwaka 1900, na katika mali hizohizo zimo baadhi ya ardhi za hapa kwetu Laeken. Tuliotoka Kongo hatuhitaji kukumbushwa kwamba utajiri wa mfalme yule ulitoka kwa sehemu katika nchi yetu.

Lakini neno "umma" lisikudanganye. Msitu wa umma si mahali ambapo kila mtu anafanya apendavyo. Komini inaweza kumuuzia mtu mmoja miti, ikamkodisha mwingine haki ya kuwinda kwa miaka kadhaa, na bado raia wote wakabaki na haki ya kutembea kwenye njia, vyote katika msitu mmoja. Waliotoka Tanzania watakumbuka vitalu vya uwindaji. Wazo ni lilelile: anayelipia kitalu hakununua ardhi, amelipia haki ya kuwinda pale. Kwa komini nyingi za Ardennes pesa hizo ni pato kubwa, na mwindaji aliyelipa anatarajia kuwinda. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Mikoa mitatu, sheria tatu

Ubelgiji ilikuwa na sheria moja ya uwindaji, ya mwaka 1882. Baadaye, mwaka 1980, mamlaka juu ya misitu na uwindaji yalihamishiwa kwenye Mikoa. Kwa hiyo ukitoka Laeken kwa gari unaweza kupita chini ya sheria tatu kwa siku moja.

Katika Mkoa wa Brussels kuwinda kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1991. Hakuna mwindaji katika bustani ya Laeken, wala Laerbeek kule Jette, wala katika sehemu ya Brussels ya msitu wa Soignes. Katazo hilo linatuhusu sisi pia. Wale bata bukini wa Misri wanaotembea kwenye majani ya bustani, sungura, njiwa, na wale kasuku wa kijani waliofunguliwa Heysel mwaka 1974 wakazaana mji mzima, si wa kukamatwa wala kutegwa. Hata uyoga wa msitu wa Soignes hauchumwi.

Katika Flanders na Wallonia kuwinda kunaruhusiwa kwa kibali, baada ya mtihani wa nadharia na wa vitendo, na mtu hawezi kumiliki bunduki bila kufuata sheria ya silaha ya mwaka 2006. Huko Flanders, kwenye lango la msitu wa umma utakuta bango lenye ramani na kanuni zake. Lisome kabla ya kuingia. Makala hii inashughulika zaidi na Wallonia, kwa sababu ndiko misitu mikubwa iliko na ndiko wengi wetu tunakokwenda.

Kwa nini wanawinda, na wanawindaje

Msomaji anaweza kuuliza: nchi tajiri, maduka yamejaa nyama, wanawinda wa nini? Kwa wengine ni mchezo na ni mila. Mji wa Saint-Hubert huko Ardennes una jina la mtakatifu wa wawindaji, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Lakini kuna sababu nyingine pia. Nguruwe mwitu na kulungu wakizidi, wanakula miche ya miti, wanachimba malisho na kuharibu mahindi. Sheria ya mwaka 1961 inamtaka mwenye haki ya kuwinda amlipe mkulima hasara iliyoletwa na wanyama wakubwa. Kwa hiyo mwindaji anakodi, anawinda, na pia anadaiwa asipowinda vya kutosha.

Kuna njia mbili za kuwinda ambazo unaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni kuvizia. Mtu mmoja anakaa juu ya jukwaa la mbao pembezoni mwa msitu, alfajiri au jioni, anangoja mnyama atoke. Majukwaa hayo mtayaona mengi. Watoto hupenda kuyapanda kama ngazi za kuchezea. Wakatazeni: ni mali ya mtu, na mbao nyingine zimeoza.

Ya pili ni msako, ambao kwa Kifaransa huitwa "battue". Huu ndio wenye hatari kwa mpita njia. Wapiga bunduki wanapangwa mstari, kila mtu na mahali pake. Upande wa pili watu wengine na mbwa wanapita vichakani wakipiga kelele ili wanyama wakimbilie kwenye mstari. Tarumbeta hulia kuanza na kumaliza. Kwa wanyama wakubwa, misako hufanyika hasa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba, na kwa nguruwe mwitu inaweza kuendelea baada ya mwaka mpya. Risasi ya bunduki ya kuwindia kulungu inaweza kwenda kilomita kadhaa isipozuiwa na kitu. Ndiyo sababu msitu hufungwa siku ya msako.

Bango jekundu

Turudi kwa yule mama na picha yake. Karatasi nyekundu iliyobandikwa mwanzoni mwa njia ina maneno kama "chasse" na "accès interdit", yaani uwindaji, hairuhusiwi kuingia. Kwa Kiholanzi utaona "jacht" na "verboden toegang". Chini yake kuna tarehe.

Tarehe ndizo za kuangalia. Bango hubandikwa mapema na lina siku kadhaa za msimu mzima. Kama tarehe ya leo imo, usipite, hata kama husikii mlio wowote, hata kama umeona watu wengine wamepita, hata kama umetoka Brussels kwa saa mbili na watoto wamechoka. Kama tarehe ya leo haimo, njia iko wazi. Mabango ya rangi nyingine yanatoa tahadhari. Nayo yasome yote, na usipoyaelewa tumia tafsiri ya simu au tutumie picha.

Usichanganye bango jekundu na bendera nyekundu. Bendera inapandishwa wakati wa ukame, kwa mfano kule Hautes Fagnes, kuonyesha hatari ya moto. Ikipepea, hakuna anayeruhusiwa kuingia eneo hilo.

Kuna pia mara moja ambapo msitu ulifungwa kwa kila mtu. Septemba 2018, karibu na Étalle kusini mwa nchi, nguruwe mwitu walikutwa wamekufa kwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo hauambukizi binadamu, lakini unaua nguruwe wa kufugwa na kufunga masoko. Mkoa ulizungushia uzio, ukazuia watembeaji, waendesha baiskeli, wakata miti na hata wawindaji wa kawaida, mpaka ugonjwa ukaisha. Ubelgiji ilitambuliwa tena kuwa safi mwishoni mwa 2020. Nalitaja hili ili ujue kwamba kufungwa kwa msitu si hila ya wawindaji dhidi ya wageni. Siku ikifika, hufungiwa mwenyeji na mgeni.

Nani apite wapi

Sheria ya misitu ya Wallonia ya tarehe 15 Julai 2008, iliyochukua nafasi ya ile ya 1854, inatofautisha aina tatu za njia. Ukizielewa hizi tatu, umeelewa nusu ya ugomvi.

"Route" ni barabara iliyotengenezwa kwa magari. Wote wanapita: mguu, baiskeli, farasi, gari, pikipiki.

"Chemin" ni njia pana ya msitu ambayo haikutengenezwa kwa magari ya kila mtu. Watembea kwa miguu, baiskeli na farasi wanapita. Chombo chenye injini hakiruhusiwi.

"Sentier" ni kijia chembamba. Hicho ni cha mguu. Baiskeli na farasi wanapita tu pale palipowekwa alama kwa ajili yao.

Nje ya njia hizo tatu hata mtembea kwa miguu haruhusiwi kuzurura, ila kwenye maeneo yaliyotengwa. Mbwa afungwe kamba. Moto wa kuchoma nyama usiwashwe msituni wala karibu na msitu, ila mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Kuhusu uyoga, ambao najua wengi wenu mnaupenda: msitu una mwenyewe, na ruhusa yake inahitajika.

Utamwona mwindaji au bwana misitu amepita na gari kubwa kwenye "chemin". Yeye ana ruhusa kwa sababu ya kazi yake au haki yake mahali pale. Ruhusa hiyo haihamii kwa gari linalomfuata nyuma.

Kwa nini wanagombana

Sasa tuwasikilize wote, maana ukienda huko utawakuta wote.

Mwindaji anasema: nimelipa kodi, nadaiwa hasara ya mahindi, nimetangaza siku zangu kwa bango. Halafu pikipiki tatu zinapita katikati ya msako. Wanyama wanatawanyika, kazi ya siku imeharibika, na mbaya zaidi, ningeweza kumpiga mtu. Anaongeza kwamba hata siku zisizo za msako injini inamchosha mnyama. Kulungu anayefukuzwa mara kwa mara wakati wa baridi anamaliza mafuta yake ya mwili wakati chakula ni haba.

Mwenye pikipiki au gari la magurudumu manne anasema: mimi pia ni raia na ninalipa kodi. Msitu ni wa umma, lakini kila njia ninayoikuta imefungwa kwangu. Mwindaji anapita na gari lake, mimi naandikiwa faini. Viwanja vya mchezo huu ni vichache, na majirani wanapinga kila kipya kwa sababu ya kelele.

Mtembeaji na mwenye baiskeli wanawalalamikia wote wawili. Pikipiki inachimba njia mpaka inakuwa matope, na inatokea ghafla kwenye kona. Mwindaji naye anafunga msitu wikendi za vuli, ambazo ndizo nzuri kuliko zote. Kuna watu wanaodai uwindaji wa Jumapili upigwe marufuku, kama ilivyo Uholanzi. Wawindaji wanajibu kwamba wao pia wanafanya kazi siku za wiki.

Kila mmoja ana hoja. Lakini ukitazama sheria ya 2008 utaona imepanga foleni. Mguu umepewa nafasi kubwa kuliko wote, kisha baiskeli na farasi, na injini iko mwisho kabisa. Kwa siku chache zilizotangazwa, mwindaji anaruka mbele ya foleni yote, kwa sababu ya usalama. Siku ikipita anarudi, na msitu unakuwa wa miguu tena. Ni zamu. Si kila mtu anaipenda, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Kijana na kwadi

Sehemu hii naomba wazazi waisome pamoja na vijana wao, wasiwasomee kama hotuba.

Kijana aliyeuziwa kwadi kwa bei nafuu ameuziwa vitu viwili: chombo, na deni ambalo bado halijafika. Sheria ya tarehe 21 Novemba 1989 inalazimisha bima kwa chombo cha injini barabarani, na pia kwenye ardhi iliyo wazi kwa watu. Njia ya msitu inayopitwa na watembeaji iko wazi kwa watu. Kwa hiyo kusema "sikuwa barabarani" hakusaidii.

Tuseme kijana hana bima, anamgonga mwanamke anayetembea na mbwa, mguu unavunjika. Hospitali, mishahara aliyokosa, pengine ulemavu wa kudumu. Mwanamke yule atalipwa, maana Ubelgiji ina mfuko wa dhamana, Fonds commun de garantie belge, unaowalipa walioumizwa na vyombo visivyo na bima. Kisha mfuko huo unamgeukia aliyesababisha ili arudishe pesa. Deni la namna hiyo linaweza kumfuata mtu kwa miaka mingi ya mshahara. Ile bima ya familia tunayowashauri wote kuikata, "RC familiale", haifuniki chombo ambacho sheria inakitaka kiwe na bima yake. Na kama aliyeendesha ni mtoto, wazazi wanaweza kudaiwa.

Kabla ya kununua, kijana aulize mambo manne. Je, chombo kina karatasi zake na kinaweza kusajiliwa? Je, kampuni ya bima imekubali, kwa maandishi? Je, leseni yangu inalingana nacho? Na je, nitakiendesha wapi? Kama jibu la swali la mwisho ni "msituni", asinunue.

Kupenda pikipiki si kosa. Ubelgiji ni nchi ya mabingwa wa mbio za matope: Stefan Everts amekuwa bingwa wa dunia mara 10, na Roger De Coster, aliyezaliwa Uccle hapa Brussels, mara 5. Lakini mchezo huo una viwanja, kama ule wa mchanga wa Lommel, una vilabu, kofia ngumu, bima na makocha. Kijana mwenye hamu ya kweli aje, tumsaidie kutafuta klabu. Ni ghali kuliko kuingia msituni bure, lakini ni nafuu kuliko mguu wa mtu.

Mlio wa bunduki

Kuna jambo ambalo vitabu vya utalii havilisemi, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu.

Vuli yangu ya kwanza nchini hapa niliishi katika kituo cha kupokea waomba hifadhi, kijijini huko Wallonia. Jumamosi moja asubuhi milio ilianza, mmoja, kisha mitatu mfululizo, kutoka upande wa msitu. Wenzangu wawili walijitupa chini sakafuni. Mama mmoja aliwakusanya watoto bafuni kwa sababu hakuna dirisha. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ni msimu wa kuwinda. Tulipoambiwa, tulicheka kidogo, lakini usiku ule watu wengi hawakulala.

Akili inaelewa haraka, mwili unachelewa. Kama umetoka mahali ambapo mlio ulimaanisha kukimbia, moyo utakwenda mbio hata ukiwa umekaa na chai. Hilo si wazimu wala udhaifu. Kwa hiyo waambieni watoto kabla ya safari: "Huenda tukasikia bunduki kwa mbali. Ni wawindaji, wana siku zao, na sisi hatupiti kwao." Mtoto aliyeambiwa mapema hana haja ya kubuni maelezo yake mwenyewe. Kama mnajua kwamba mmoja wenu hawezi kuvumilia, nendeni Ardennes mwezi Mei, na vuli mtembee msitu wa Soignes upande wa Brussels, kwa tramu, bila bunduki hata moja. Na kama usingizi haurudi baada ya siku kadhaa, njoo tuzungumze. Kuna wataalamu wanaofanya kazi pamoja na mkalimani.

Kwa yule baba mwenye wasiwasi juu ya safari ya darasa: swali lako ni la haki kabisa. Muulize mwalimu watakwenda wapi, tarehe gani, na kama wameangalia siku za msako katika eneo hilo. Mwalimu hatakasirika, ni kawaida kuuliza hapa. Kambi za skauti hufanyika zaidi Julai, nje ya msimu wa misako ya vuli.

Kabla ya kuondoka nyumbani

- Chagua mahali, kisha uliza tarehe za uwindaji. Ofisi ya utalii ya eneo au komini watakujibu. Mkoa wa Wallonia pia una ramani ya intaneti inayoonyesha misitu iliyofungwa siku gani.
- Uwe na mpango wa pili. Ukikuta bango jekundu, watoto wasikie "tunakwenda kule kwingine", wasisikie ugomvi.
- Valieni nguo za rangi kali: chungwa, nyekundu, njano. Kahawia na kijani kibichi ni rangi za mnyama na jani.
- Egesha gari kwenye maegesho, si mdomoni mwa njia ya msitu. Zimamoto na mabwana misitu wanahitaji kupita.
- Weka programu ya 112 BE kwenye simu. Ni ya bure, na ukipiga kwa msaada inatuma mahali ulipo. Msituni hakuna jina la mtaa la kumtajia mtu.
- Rudini njiani kabla ya giza. Kati ya Septemba na Oktoba kulungu dume wananguruma jioni kutafuta majike, na sehemu nyingine za msitu hufungwa saa hizo ili wasisumbuliwe.

Mkikutana

Ukijikuta katikati ya msako bila kujua, simama. Usikimbie wala usiingie kichakani. Paza sauti, onyesha mikono, ngoja mtu akuone, kisha fuata anachokuambia na urudi kwa njia uliyokuja nayo. Salamu ya "bonjour" inafungua mengi. Ukiona kwadi zinakuja, shika watoto, sogea pembeni, ziache zipite. Usizizuie na usizirushie kitu. Namba ya gari au mahali na saa vitamsaidia polisi, namba 101, kuliko maneno ya hasira.

Bwana misitu wa Wallonia, kutoka idara inayoitwa DNF, si mlinzi wa kawaida. Ana mamlaka ya kukuuliza kitambulisho na kuandika taarifa ya kosa, "procès-verbal", ambayo watu hufupisha PV. Mpe kadi yako ya ukaazi kwa utulivu. Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Usisaini usichokielewa.

Baadaye barua itakuja nyumbani, pengine baada ya wiki nyingi, pengine kwa lugha usiyoisoma. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapojiumiza: barua inawekwa kabatini. Barua ya PV ina siku za kujibu, na siku zikipita nafasi ya kujieleza inakuwa imekwenda. Ilete ikiwa bado mpya, na bahasha yake. Tutaisoma pamoja, na kama inahitaji wakili tutakuonyesha njia ya msaada wa sheria.

Kwa hiyo, nendeni. Ardennes mwezi Oktoba ni pazuri, na haki ya kutembea kwenye njia zile ni yenu kama ilivyo ya jirani aliyezaliwa hapa. Someni tarehe kwenye bango, vaeni rangi, bebeni chai. Na picha ya bango msiloelewa, tutumieni. Hakuna bango dogo mno la kuuliza.